Ekzosi ya mlio na jeti mpya: wenye pikipiki Mwanza, fungueni plagi kwanza

MLETA UZI

Mwangaluka wakuu, poleni na majukumu.

Wiki iliyopita kijana wa kijiwe chetu cha Nyegezi amelipa gharama ileile niliyoilipa mimi miaka mitatu nyuma. Kafunga ekzosi ya mlio, fundi kamwambia ukibadili ekzosi lazima na jeti (kile kipande cha shaba chenye tundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta) ibadilishwe, kakubali. Sasa ukisimama nyuma ya pikipiki yake unanusa petroli mbichi, mlima haipandi mpaka ashushe gia mbili, na mafuta yaliyokuwa yakimfikisha jioni yanaisha saa nane mchana. Ndiyo pikipiki inayolisha nyumba yake. Nimeshindwa kunyamaza.

Mimi si fundi wa cheti. Nabeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba kupeleka kwa wateja wa mjini na Buhongwa, pikipiki ya cc 150 ya kabureta, mwaka wa sita huu. Kabureta yangu nimeifungua mara nyingi kiasi kwamba naijua kila skrubu. Nitakayoandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu, na mengine nimeyasoma usiku baada ya kuumia mchana.

Kisa changu kilikuwa hivi. Niliuziwa ekzosi na mtu aliyenihakikishia kwamba ni Akrapovič ya titani. Kibandiko kizuri, shingo ina rangi ya bluu inayoingia zambarau, mkebe wa nyuma wa kupunguza kelele unang'aa. Nilipofika nyumbani nikachukua sumaku ya spika mbovu ya redio nikaisogeza pale: ikanata kama kupe. Titani hainasi sumaku hata kidogo. Akrapovič wenyewe ni kampuni ya Slovenia na kosa hili si lao, jina lao lilibandikwa tu juu ya bati la chuma lililopakwa rangi. Kabla ya masika kwisha kutu ilikuwa imeshatoboa chini ya mkebe. Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na sumaku. Stenlesi nzuri ya 304 nayo hainasi, au inanasa kwa mbali sana. Zipo stenlesi za daraja la chini zinazonasa na bado ni stenlesi, lakini hakuna titani inayonasa, mtu asikudanganye.

Hilo la mkebe nililimeza. Lililoniumiza ni la jeti. Aliyenifungia hakuigusa plagi kabisa. Alitoa jeti kubwa namba 100, akaweka 115, akasema "sasa itapumua". Wakuu, hebu tupige hesabu pamoja. Kwenye kabureta nyingi tunazotumia, za mtindo wa Keihin, namba ya jeti ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Namba 100 ni milimita 1.00, namba 115 ni milimita 1.15. Unaona kama tofauti ni ndogo. Lakini kinachopitisha mafuta ni eneo la tundu, na eneo linapanda kwa mraba: 1.15 mara 1.15 ni 1.32. Nilikuwa nimefunguliwa tundu kubwa kwa karibu theluthi nzima, kwa ajili ya ekzosi ambayo labda ingehitaji ongezeko la asilimia mbili au tatu, au isihitaji chochote.

Ninachowaambia ni kimoja. Kwa pikipiki zetu ndogo, na kwa mwinuko huu wa Mwanza, mkebe peke yake mara nyingi hauhitaji jeti mpya. Plagi ndiyo itakayokuambia. Ukianza na jeti kabla ya plagi ni sawa na kumeza dawa ya malaria bila kupima.

Kwa nini nasema mwinuko? Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe umekaa juu yake kidogo. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Injini ikivuta pumzi moja hapa inapata hewa pungufu, lakini kabureta haina akili ya kujua hilo, inaendelea kumwaga mafuta karibu yaleyale. Kwa hiyo pikipiki ambayo jeti yake ilipangwa kwa nchi ya usawa wa bahari, ikifika Mwanza tayari inakula mafuta kupita kiasi, kama asilimia tano hivi. Ukiifungia mkebe unaopitisha moshi kwa urahisi zaidi, inavuta hewa kidogo zaidi, na ile ziada ya mafuta iliyokuwepo inakutana na hewa yake. Wengi tunafunga ekzosi na mchanganyiko unakaribia kuwa sawa wenyewe. Halafu anakuja mtu anaongeza jeti juu ya ziada!

Tofautisheni pia mambo mawili ambayo madukani yanauzwa kwa jina moja. Kuna kubadili mkebe tu, ukaacha shingo ya kiwandani, yaani lile bomba linalotoka kwenye silinda hedi. Na kuna kubadili vyote, shingo na mkebe. La kwanza ni la mlio, uzito na sura. Nguvu unayopata ni ndogo mno. Injini yetu ya 150 ina farasi kama 12. Hata ukipewa asilimia nne, ambayo ni ahadi kubwa, ni nusu farasi. Mimi nilipima kwa saa ya simu, gia ya nne kutoka 40 hadi 70, barabara ileile, alfajiri ileile, mara tatu kabla na mara tatu baada ya kufunga. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya jaribio moja na jingine. La pili, shingo nzima, hapo ndipo tabia ya injini inaweza kubadilika kweli, kwa uzuri au kwa ubaya.

Karibuni tujadili.


FUNDI WA IGOMA

Mkuu heshima kwako, lakini hapo kwenye kubadili vyote unawapitisha vijana njia ya mkato. Injini inahitaji bakipresha, yaani moshi ubanwe kidogo ukitoka. Ukifungua ekzosi bakipresha inapotea, chini inakosa nguvu, na hewa inakuwa nyingi. Lazima uongeze mafuta. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona plagi nyeupe nyingi tu, dalili ya mafuta pungufu.


MLETA UZI

Fundi, asante kwa kuja. Plagi nyeupe ulizoziona sina shaka nazo, na nitarudi hapo. Lakini bakipresha naomba niifungue kidogo, kwa sababu neno hili limeharibu shingo nyingi mjini hapa.

Injini haihitaji kubanwa pumzi. Inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi na kwa wakati wake. Valvu ya moshi inapofunguka, silinda bado ina mkandamizo, basi moshi unachomoka kama risasi na kupeleka wimbi mbele yake ndani ya shingo. Ndani ya moshi wa moto wimbi hilo linakimbia kama mita 500 kwa sekunde. Likifika pale bomba linapopanuka, mwanzo wa mkebe, linageuka na kurudi, ila linarudi likiwa wimbi la kunyonya. Sasa, mwisho wa kutoa moshi kuna kipindi kifupi ambacho valvu zote mbili ziko wazi, ya kutolea inamalizia kufunga na ya kuingizia imeshaanza kufunguka. Wimbi la kunyonya likifika kipindi hicho, linavuta moshi wa mwisho utoke na kuivuta hewa mpya iingie kabla hata pistoni haijaanza kushuka. Hiyo ni nguvu ya bure.

Tuweke namba. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Shingo ikiwa na urefu wa sentimita 60, wimbi likienda na kurudi ni mita 1.2, karibu robo ya mzunguko. Ukibadili urefu wa shingo, au ukiipanua sana mpaka moshi ukapoteza kasi, wimbi linafika mapema au linachelewa. Ndiyo maana mtu anayechomelea bomba nene fupi anakosa nguvu ya chini. Anadhani amepoteza bakipresha, kumbe amepoteza kasi na wakati. Ukimrudishia kizuizi kwenye mkebe hupati tena ile nguvu, unaongeza joto tu.

Na hao wenye plagi nyeupe, fundi, naomba ukumbuke: wangapi walikuwa wamekata na eya klina, lile boksi la kichujio cha hewa?


FUNDI WA IGOMA

Hapo umenikamata. Wengi. Wanaondoa boksi zima wanaweka kile kichujio cha duara cha kubana kwenye kabureta.


MLETA UZI

Ndiyo hao. Na naomba kila mtu asome hapa mara mbili. Kuondoa boksi la hewa kunabadilisha mchanganyiko kuliko mkebe wowote. Ekzosi iko upande wa kutokea. Boksi liko upande wa kuvutia, na jeti zote za kiwandani zilipimwa boksi likiwepo. Ukifungua pande zote mbili kwa pamoja, hapo nakubaliana na fundi asilimia mia, jeti lazima iongezwe, na sindano ya ndani ya kabureta pengine ipandishwe. Ukiacha ilivyo, injini itawaka na mafuta pungufu, joto litapanda, na kwa injini hizi zinazopozwa na upepo hakuna rejeta ya kukuokoa.

Jirani yangu wa Mkuyuni alifanya hivyo. Pikipiki ikawa tamu siku tatu, nyepesi, inapaa. Baadaye ikaanza kugoma kuwaka asubuhi. Tulipofungua silinda hedi, valvu ya moshi ilikuwa imeliwa ukingoni kipande kama kucha ya mtoto, na pembeni yake chuma kimekuwa cheupe. Nilishika ile valvu mkononi, nikaikumbuka siku aliyonipita pale Butimba akinipungia mkono kwa furaha. Na vumbi je? Kile kichujio cha duara cha bei rahisi kinapitisha vumbi laini la barabara zetu za mitaani, na vumbi likiingia linasaga ringi na silinda kama msasa. Boksi la hewa liacheni wakuu, nawaomba.


MDAU WA BUHONGWA

Mkuu hiyo kusoma plagi inafanywaje? Mimi naifungua ikiwa chafu nasugua na waya narudisha.


MLETA UZI

Kaka, ukiifungua baada ya kuzunguka mjini na kusimama kijiweni ukiacha injini inaunguruma, utasoma sailensa tu, yaani injini ikiunguruma yenyewe bila kuongezewa mafuta. Rangi utakayoona ni ya pale injini inapopumua chinichini, haikuambii kitu kuhusu jeti kubwa.

Chukua plagi mpya, namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu. Usibadili namba kwa kusikia. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume chake, watu wengi wanachanganya hapo. Pasha injini kilomita tano. Mimi huenda barabara ya Usagara–Kisesa alfajiri, mahali palipo wazi na hapana watu. Gia ya tatu, ili mwendo usiwe wa hatari, mafuta fungua yote, yaani zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, shikilia sekunde kumi hivi. Halafu kwa mpigo mmoja kamata klachi na uzime swichi. Usirudishe kwenye sailensa hata kidogo. Jiserereshe pembeni, subiri ipoe kidogo, fungua.

Tazama ile kaure nyeupe inayozunguka waya wa kati, mpaka chini kabisa. Rangi ya chai ya maziwa, au udongo mkavu, uko sawa. Nyeupe kama chaki, pengine na vidoa vidogo vinavyometameta, mafuta ni pungufu, rudi nyumbani polepole. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, mafuta yamezidi. Nyeusi yenye unyevunyevu wa kung'aa ni oili; hapo tafuta ringi au sili za valvu na uiache kabureta ipumzike. Petroli ya sasa haiweki rangi nzito kama ya zamani, kwa hiyo usitegemee kuona kahawia iliyokolea. Inatosha pawe na kivuli.

Kingine: kabureta haina jeti moja. Mimi nimeweka vialama vya rangi ya kucha ya mke wangu kwenye mkono wa mafuta: robo, nusu, robo tatu. Tatizo likiwa chini ya robo, ni jeti ndogo na ile skrubu ya pembeni. Kati ya robo na robo tatu ni sindano, ile yenye kibanio. Ukikishusha kibanio nafasi moja sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ndiyo jeti kubwa. Yule kijana wa Nyegezi analalamika pikipiki inakosa sailensa na inazimika kwenye taa za barabarani. Jeti kubwa aliyobadilishiwa haihusiki kabisa na hapo!

Na kama hujui ni pungufu au ni zaidi, vuta choki kidogo ukiwa kwenye sehemu inayosumbua. Ikichangamka, ilikuwa na njaa ya mafuta. Ikizidi kukaba, ilikuwa imeshiba tayari.

Halafu tafadhali msitoboe jeti kwa uzi wa waya wa breki. Nimeona sehemu nyingi, fundi anazibua kwa waya, anasukuma, anazungusha. Shaba ni laini. Ukikwangua sehemu mbili za mia za milimita umeshaongeza namba mbili bila kujua, na tundu halina tena umbo lake. Zibua kwa upepo na petroli.


MDAU WA MABATINI

Yangu nimebadilisha mkebe tu, nikiachia mafuta kushuka mlima inapiga mabomu pa-pa-pa. Nimeambiwa ni mafuta pungufu niongeze jeti.


MLETA UZI

Kabla ya jeti, pima muungio. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, changanya maji na sabuni ya unga, washa, na haraka pakaa pale shingo inapoingia kwenye silinda hedi na pale mkebe unapoingia kwenye shingo. Ukiona povu linacheza, umeipata. Unapoachia mafuta, ekzosi inanyonya hewa kupitia huo mwanya, hewa inakutana na mafuta ambayo hayakuungua, na moto unalipuka ndani ya bomba. Jeti haiwezi kuziba mwanya.

Gasketi ya shaba ya kwenye hedi ikishafunguliwa imeshapondeka, nunua mpya, ni kitu cha bei ndogo. Nati zake kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Zile studi ndogo ziko kwenye aluminiamu; ukizikaza kama nati za gurudumu zitakatika, na kuchomoa studi iliyokatika ndani ya hedi ni kazi ya siku nzima. Mkebe nao uushike kwa bano lake kwenye fremu bila kuulazimisha. Ukiuvuta kwa nguvu ufike kwenye tundu la boliti, mtetemo utaupasua kwenye kiungo.

Na kile kitundu kidogo chini ya mkebe wa kiwandani, msikizibe kwa kudhani ni uvujaji. Kila lita ya petroli inayoungua inatoa maji karibu lita moja, yakiwa mvuke. Sisi wa safari fupi, Mkuyuni hadi mjini, mkebe hauwahi kupata moto wa kutosha kuyakausha. Yanabaki ndani, yanaula. Kitundu ni cha kuyatoa.


MDAU WA SENGEREMA

Wakuu nina pikipiki ya DT 125, tu-stroki (injini ya mipigo miwili). Nimepata ekzosi ya kuchomelea, naweza kufunga moja kwa moja?


MLETA UZI

Mkuu, hapana, simama kwanza. Yote niliyosema juu ni ya injini za foo-stroki, za mipigo minne. Kwenye tu-stroki ekzosi ni sehemu ya injini kama pistoni ilivyo. Lile tumbo linalopanuka kisha kubana linafanya kazi mbili: linapopanuka wimbi linanyonya mchanganyiko mpya uingie kwenye silinda, linapobana wimbi linarudi na kuusukuma ndani ule uliokuwa umeanza kutoroka. Aliyeifikisha kazi hii mbali ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 dereva wake wa mashindano Ernst Degner alitorokea nchi za Magharibi na kwenda Suzuki na ujuzi huo, na mwaka uliofuata, 1962, akawapa ubingwa wa dunia wa cc 50. Yaani umbo la bomba lilikuwa siri ya kugombaniwa.

Bomba la kuchomelewa kwa kukadiria linaweza kukuharibia kila kitu, na mafuta yakipungua kwenye tu-stroki, oili nayo inapungua kama umeichanganya humohumo kwenye petroli. Pistoni inashika. Kwako wewe jeti lazima ianze upande wa mafuta mengi kisha ushuke taratibu ukisoma plagi. Hapo Mwaloni kuna mafundi wa injini za mitumbwi ambao tu-stroki ndiyo shule yao, waonyeshe pistoni yako kupitia tundu la ekzosi kabla hujafunga chochote.


MDAU WA CAPRI POINT

Mimi ni ya injekta, cc 400, ina sensa kwenye shingo. Na mwezi ujao naenda nayo Dar.


MLETA UZI

Ya kwako ina kompyuta, ndugu yangu, na inajirekebisha kwa kiasi fulani. Ile sensa inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na ukiwa unakwenda mwendo wa kawaida kompyuta inavuta uwiano kwenye 14.7, yaani uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Ukifungua mafuta yote inaacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali lake la kiwandani. Kwa mkebe peke yake hutahitaji kuigusa. Ukibadili shingo nzima, hakikisha ina tundu la sensa lenye nyuzi zinazolingana, na hapo kupangiwa jedwali upya kuna maana. Na muungio wa hedi uwe mzima, kwa sababu ukinyonya hewa sensa itadhani mafuta ni pungufu, kompyuta itamwaga zaidi, nawe utahangaika bure.

Kushuka Dar huna shida, una kipimo cha mkandamizo wa hewa humo ndani. Wenye kabureta ndio wawe macho. Ukipanga jeti yako ikae sawasawa kabisa hapa Mwanza, ukapanda Singida kwenye mita kama 1,500 mafuta yatazidi kidogo, ukishuka Morogoro mpaka pwani hewa inakuwa nzito na mafuta yanakuwa pungufu. Zaidi ya kilomita 1,100 za lami, kwa joto lile. Anayekwenda abebe jeti yenye namba moja au mbili juu, aifunge akifika Dodoma.


DADA WA BUGANDO

Habari zenu. Mimi sina pikipiki. Nafanya kazi wodini, zamu za usiku, na nimesoma uzi wote kwa sababu ya kichwa chake. Saa tisa usiku pikipiki ikipanda mlima ule, wagonjwa wote wanaamka. Mtoto aliyelala kwa tabu baada ya dawa anaanza kulia, mama yake anaanza kulia. Kaka zangu, huo mlio una kazi gani?


MLETA UZI

Dada, pole na kazi, na asante kwa kuandika. Nitakujibu bila kuzunguka, kwa sababu mkebe wangu wa pili, baada ya ule uliooza, nao ulikuwa wa mlio.

Hauna kazi. Nguvu na kelele ni vitu viwili. Mkebe wa kutoboka moja kwa moja wenye pamba ya kioo unaweza kupitisha moshi vizuri na ukawa mtulivu, ilimradi pamba iwe nzima. Ikiungua, unabaki na bomba tupu. Wanaotoa utumbo wa mkebe wa kiwandani wanapata kelele na mara nyingi wanapoteza nguvu ya katikati, kwa sababu vile vyumba vya ndani viliwekwa kwa hesabu za mawimbi.

Na sisi wenyewe tunaumia. Kipimo cha NIOSH, wataalamu wa afya kazini wa Marekani, kinasema desibeli 85 mtu anaweza kuvumilia saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Kwenye 94 una saa moja. Bodaboda yuko juu ya kiti saa kumi. Kuna wenzangu kijiweni ukiwaita kwa sauti ya kawaida hawageuki, na hawajafika miaka arobaini. Kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira zipo tangu 2015, na trafiki wanakamata, lakini mimi sikuacha kwa sababu ya trafiki. Niliacha siku nilipompeleka mama yangu hapo kwenu usiku, nikaisikia pikipiki nyingine ikipanda nikiwa ndani, upande wa kitanda. Aliushika mkono wangu akauliza ni nini kimelipuka.

Kesho yake nikarudisha mkebe wa kiwandani. Jeti nikaisoma upya: 98 inatosha, chini hata ya ile niliyokuja nayo.


FUNDI WA IGOMA

Mkuu nimerudi. Jana nimeletewa pikipiki ya cc 125, mkebe mpya, mwenyewe kaja na jeti mkononi ananiambia funga. Nikamwambia twende kwanza barabarani. Plagi imetoka rangi ya udongo. Nimemrudishia jeti yake na nimekaza muungio tu, ulikuwa unavuja. Ila nina swali: kwenye nusu ya mafuta inasita kidogo, ukivuta choki inachangamka.


MLETA UZI

Hiyo ni sindano, fundi. Shusha kibanio nafasi moja, usiguse kingine, mpe siku mbili arudi. Kama sindano yake haina nafasi za kibanio, kata washa nyembamba (kibati cha duara chenye tundu) ya nusu milimita uweke chini ya kichwa cha sindano. Na yule kijana wa Nyegezi anakuja kwako Jumamosi asubuhi, nimemwambia aje na plagi mpya, gasketi ya shaba, na jeti yake ya zamani namba 100. Anayo bado, aliifunga kwenye karatasi akaiweka chini ya kiti.